Chui milia wa Sariska waliisha porini wakabaki daftarini: ni nani hasa aliyewamaliza?

#1 Kalamu ya Pangani

Habari zenu wanajukwaa.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 nilikuwa mwanafunzi mjini Jaipur, katika jimbo la Rajasthan nchini India. Siku moja ya Jumanne, mapema mwaka 2004, mimi na wenzangu wawili tulipanda basi kwenda Hifadhi ya Sariska, iliyoko wilaya ya Alwar. Tulichagua Jumanne kwa sababu ndani ya hifadhi hiyo lipo hekalu la Hanuman, mungu wa Kihindu, mahali paitwapo Pandupol, ambako mahujaji huenda kwa wingi siku za Jumanne na Jumamosi, nasi kwa kuwa mifuko yetu ilikuwa mitupu tukajichanganya nao. Njiani tulimkuta askari wa misitu amechuchumaa kando ya barabara ya vumbi. Alikuwa ameweka kipande cha kioo juu ya unyayo, kioo kikiwa kimeinuliwa kidogo ili kisiguse udongo, naye kwa kalamu ya wino alikuwa akifuatisha ukingo wa kila kidole, polepole, huku jasho likimdondokea kiooni na yeye akilifuta kwa mkono wa shati. Alituambia kwamba huyo alikuwa dume, maana unyayo wa dume hukaribia umbo la mraba, na kwamba mchoro huo ungepelekwa ofisini kulinganishwa na mingine. Niliondoka nikiamini kwamba nimemkosa chui milia kwa dakika chache tu.

Januari 2005 gazeti la Indian Express, kwa kalamu ya mwandishi Jay Mazoomdaar, likaandika kwamba chui milia wa Sariska wametoweka. Hesabu rasmi ya 2004 ilikuwa imetaja kati ya 16 na 18. Taasisi ya Wanyamapori ya India ikatuma wataalamu wake, nao wakathibitisha kwamba hakubaki hata mmoja.

Swali langu ni hili: ni nani aliyewamaliza? Na iliwezekanaje hifadhi yenye askari, magari, ofisi na bajeti ya serikali kuwapoteza wote bila daftari kushtuka?

#2 Mtoto wa Kariakoo

Ahsante kwa uzi, mkuu. Kabla hatujaingia msituni naomba tuwekane sawa juu ya jina. Shuleni nilifundishwa simbamarara, wewe unaandika chui milia, na mjomba wangu anayeuza betri za magari anasema taiga. Tunamjadili mnyama mmoja au watatu?

#3 Bi Mwanahamisi

Ni mmoja, mwanangu. Huyu hakuwahi kuishi katika mapori yetu, ndiyo maana Kiswahili kilimwazimia jina kwa jamaa zake: aliyetazama ukubwa alimwita simba, akamwongezea marara kwa ajili ya ile mistari, aliyetazama mwendo na umbo alimwita chui, akamwongezea milia kama ya punda. Ubaya wa majina haya ya kuazima ni kwamba kuna watu wazima wanaoapa kuwa wamemwona Mikumi. Ninaye mmoja nyumbani.

#4 Karani wa Zamani

Nimjibu mwanzisha uzi moja kwa moja. Aliyewamaliza ana jina, nalo limo katika kumbukumbu za mahakama: Sansar Chand, mfanyabiashara wa Delhi. Alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, akiwa bado kijana mdogo, akiwa na mamia ya ngozi. Kwa miaka 30 iliyofuata kesi ziliahirishwa, rufaa zikakatwa, dhamana zikatolewa, na biashara ikaendelea. Baada ya kashfa ya Sariska alikamatwa tena katikati ya 2005, na mwaka uliofuata aliwaeleza wapelelezi wa serikali kuu kwamba alikuwa amewauzia wateja wanne tu, wa Nepal na Tibet, ngozi 470 za chui milia na ngozi 2,130 za chui wa kawaida. Nasisitiza: wateja wanne. Alifariki mwaka 2014.

Nilikaa miaka 19 katika ukarani wa mahakama moja ya wilaya, na kesi za nyara za serikali zilipita mezani kwangu kila mwezi. Mshtakiwa alikuwa daima yule aliyebeba gunia. Mwenye gunia sikuwahi kumwona. Sansar Chand ni mwenye gunia, na ndiyo maana ninasema kwamba swali limeshajibiwa.

#5 Daktari wa Mifugo

Karani ameeleza mkono, hajaeleza tumbo. Mtu hauzi ngozi 470 bila kuwapo watu wanaozitaka, na hapa lazima tutenganishe masoko mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni la ngozi. Katika miaka hiyo lilikuwa limewaka Tibet, ambako vazi la kitamaduni liitwalo chuba lilipambwa kwa ngozi ya chui milia pindoni na kifuani, na aliyelivaa kwenye sherehe za farasi alikuwa ameonyesha utajiri wake kwa wilaya nzima. Oktoba 2003 maofisa wa forodha wa China walikamata huko Tibet shehena moja yenye ngozi 31 za chui milia, 581 za chui wa kawaida na 778 za fisi maji. Ni shehena moja hiyo, ndugu zangu. Kisha Januari 2006, katika mkusanyiko mkubwa wa ibada huko Amaravati, kusini mwa India, Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, akawakemea wafuasi wake kwa kuvaa ngozi hizo, na baada ya wiki chache watu wakaanza kuzichoma moto hadharani. Sijui mjangili gani angeweza kufanyiwa doria yenye nguvu kama hiyo.

La pili ni la mifupa, nalo halikuchomwa na mtu. Mifupa huloweshwa katika mvinyo au husagwa kwa ajili ya plasta za baridi yabisi, na huko Vietnam huchemshwa kwa siku kadhaa mpaka ikawa kama gundi nyeusi inayokatwa vipande, halafu mteja hukwangua kidogo kidogo na kutia katika pombe kali. China ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993 na kuufuta mfupa huo katika orodha rasmi ya dawa. Mimi hutibu ng'ombe na mbwa, na ninaweza kuwaambia kwamba mfupa wa chui milia ni madini na kolajeni kama wa ng'ombe wa Kongwa. Lakini mteja hanunui madini; ananunua mnyama aliyekuwa na nguvu.

#6 Askari Mstaafu

Nimewasoma wote kwa makini. Karani anataja mfanyabiashara, Daktari anataja wateja. Mimi ninataka tuzungumzie lile daftari, kwa sababu ndilo swali la pili la mwanzisha uzi na hakuna aliyeligusa.

Nilifanya doria kwa miaka 22 katika mapori ya akiba, na sitataja ni yapi. Mwaka mmoja, miaka ile ambayo tembo walikuwa wakiangushwa kila wiki, kikosi changu kilirudi na orodha ya mizoga 9 iliyokatwa nyuso na kuondolewa meno. Mkubwa wetu aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama nina hakika kwamba mizoga hiyo ni ya mwaka huo. Nikamjibu kwamba mitatu ilikuwa bado inatoa funza. Akaniambia niandike mitatu. Sikumwona kuwa mtu mwovu, na hata leo simwoni hivyo. Alikuwa na wakubwa wake waliokuwa wakimpigia simu kila mwisho wa robo mwaka, na alikuwa anajua kwamba anayeandika tisa ataulizwa alikuwa wapi. Baadaye tulisoma sote katika magazeti kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Kwa ripoti tulizokuwa tukipeleka, idadi hiyo isingeweza kushuka hata kwa nusu ya kiasi hicho.

Kwa hiyo naielewa Sariska bila kufika. Askari wa kule hakuamka asubuhi akaamua kudanganya. Aliandika idadi ya mwaka jana akapunguza mmoja ili ionekane amehesabu.

#7 Kipimo

Salaam. Nakubaliana na Askari Mstaafu kwa sehemu, lakini naomba niongeze jambo linalosahauliwa: njia yenyewe ilikuwa mbovu hata mikononi mwa mtu mwaminifu.

Kuhesabu kwa nyayo kulibuniwa mwaka 1966 na S. R. Choudhury, ofisa wa misitu wa India, kwa imani kwamba mtaalamu anaweza kumtambua kila mnyama kwa umbo la mguu wake. Tatizo ni kwamba unyayo wa mnyama mmoja hubadilika kwa vumbi, kwa tope, kwa mteremko, kwa mwendo, na hata kwa mkono wa anayechora. Mwanabiolojia Ullas Karanth aliupinga utaratibu huo kwa miaka mingi, na katika hifadhi ya Nagarahole akaonyesha njia nyingine: kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, kwa kuwa milia ya kila chui milia ni yake peke yake, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Hakusikilizwa sana mpaka Sariska ilipotokea. Jopo lililoundwa mwaka 2005 chini ya uenyekiti wa Sunita Narain ndilo lililotilia nguvu kuachwa kwa kuhesabu kwa nyayo.

Matokeo yake yalikuwa haya: hesabu ya mwaka 2001 na 2002 iliyotumia nyayo ilitoa chui milia 3,642 kwa India nzima, hesabu ya 2006 iliyotumia kamera na takwimu ikatoa 1,411. Watu wengi huandika kwamba wajangili waliua wanyama zaidi ya 2,000 katika miaka minne. Huo si usomaji sahihi wa namba hizo, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kuwapo kabisa. Waliuawa na hesabu, kama walivyokuwa wamezaliwa na hesabu.

Na wewe Kalamu, samahani kwa nitakalosema. Sariska ina chui wa kawaida wengi, na katika vumbi laini unyayo wa chui dume mkubwa hutanuka. Huenda siku ile ulilitolea jasho la askari heshima isiyolistahili.

#8 Kalamu ya Pangani

Nimekuwa nikiisimulia habari ya unyayo ule kwa miaka 20, na watoto wangu wanaikariri. Nitajaribu kusamehe.

#9 Mjukuu wa Nyeri

Mnaanzia 2004 kana kwamba kabla ya hapo palikuwa peponi. Mwanzoni mwa karne ya 20 inakadiriwa kwamba dunia ilikuwa na chui milia 100,000. Waliopunguzwa kwanza hawakupunguzwa na maskini mwenye mtego. Walipunguzwa na magavana na maharaja juu ya migongo ya tembo, na serikali ya kikoloni ikatoa zawadi ya fedha kwa kila ngozi. Maharaja wa Surguja peke yake alijivunia kuua zaidi ya 1,000.

Sisi wa Nyeri tuna ushahidi wetu. Jim Corbett, aliyemwua yule chui milia jike wa Champawat huko India mwaka 1907, jike anayesemwa kuwa aliua watu 436, alihamia kwetu mwaka 1947 na amezikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro. Kaburi lake nimelipita tangu nikiwa mtoto nikienda dukani kwa shangazi. Ndiye mwindaji aliyegeuka akawa mtetezi, na ndiye aliyeanzisha Mradi wa Chui Milia wa India.

#10 Karani wa Zamani

Ndugu yangu wa Nyeri, hapo mwisho umeteleza. Corbett alifariki huko kwenu Aprili 1955. Mradi wa Chui Milia ulizinduliwa tarehe 1 Aprili 1973, wakati wa Indira Gandhi, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Kailash Sankhala. Ni kweli kwamba uzinduzi ulifanyika katika hifadhi yenye jina la Corbett, iliyopewa jina hilo mwaka 1957, na nadhani mkanganyiko umetoka hapo. Sheria ya kulinda wanyamapori ilipitishwa mwaka mmoja kabla, 1972, baada ya hesabu kutoa wanyama 1,827.

#11 Kipimo

Na ile 100,000 ni kadirio la mtu aliyekaa kitini, Mjukuu. Hakuna aliyehesabu mwaka 1900, si kwa nyayo wala kwa kamera.

#12 Mama Shoroba

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimefanya kazi ya kupima na kutetea shoroba za wanyama kati ya hifadhi, na ninaona mjadala huu unawatazama wauaji tu, hautazami ardhi. Sariska imo katika milima ya Aravalli, imezungukwa na mashamba, miji na machimbo ya mawe. Barabara kuu ya Alwar hadi Jaipur ilipita ndani yake. Vijiji vyenye maelfu ya ng'ombe na nyati wa kufugwa vimo mpaka kwenye kiini chake. Hapo zamani mnyama akiuawa, mwingine kijana aliyefukuzwa na mama yake huko aliko angetembea usiku kwa usiku akafika na kuziba pengo. Jike huzaa watoto wawili hadi wanne kwa mimba ya siku zipatazo 103, na mahali penye swala na paa wa kutosha jamii yao hurudi haraka kuliko watu wanavyodhani. Lakini ukishakata njia, hifadhi inakuwa kama ndoo iliyong'olewa bomba: kila anayechota, maji yanashuka, na hakuna yanayoingia. Mjangili aliyeua kumi mahali palipounganishwa na misitu mingine amefanya uhalifu. Aliyeua kumi Sariska amefunga kitabu.

Jambo la pili. Walioitega mitego ile ya chuma wengi walitoka katika jamii za wawindaji wanaohamahama, ambazo Waingereza waliziandikisha kisheria mwaka 1871 kuwa ni wahalifu kwa kuzaliwa. Sheria ya 1972 ilipopiga marufuku uwindaji, ujuzi pekee waliokuwa nao ukawa kosa, na hawakupewa ardhi wala kazi badala yake. Siwatetei, ila nauliza kama tunahesabu na hilo.

#13 Karani wa Zamani

Ufukara wa mshtakiwa huzingatiwa wakati wa kupunguza adhabu, Mama Shoroba, si wakati wa kuamua kama kosa limetendeka.

#14 Mama Shoroba

Mwanzisha uzi hakuuliza nani ahukumiwe, Karani. Aliuliza nani aliwamaliza.

#15 Kalamu ya Pangani

Alivyosema Mama Shoroba kuhusu vijiji vya ndani nimeviona kwa macho yangu. Tulipokuwa tukirudi kutoka hekaluni mzee mmoja mfugaji alitukaribisha chai. Nyati wake wanane walikuwa wamelala kwenye kidimbwi, pua tu ndizo zilizoonekana, na mkewe alikuwa akikoroga maziwa katika sufuria pana mpaka yakaganda vipande vipande, kama wanavyofanya watengeneza ule mkate wa maziwa unaoipa Alwar sifa. Nilimwuliza kama haogopi kuishi na chui milia. Alisema kwamba katika mwaka mmoja alipoteza nyati wawili, akaandikisha madai ya fidia, akaitwa mjini mara nne, na nauli za kwenda huko zikakaribia bei ya ndama. Kisha akaongeza kwa utulivu kabisa kwamba siku hizi hawapotezi nyati tena. Mimi nilidhani anasema kwamba mifugo inalindwa vizuri.

#16 Askari Mstaafu

Mzee yule alikuwa anajua kabla ya serikali. Kijiji hujua daima.

#17 Msomaji wa Muscat

Naomba kuuliza bila kukasirikiwa. Mbuzi hawaishi kwa sababu wanafugwa. Kama mifupa inatakiwa kiasi hicho, kwa nini wasifugwe chui milia kwa maelfu, soko likajaa, bei ikaanguka, na aliyeko porini akaachwa na amani yake?

#18 Daktari wa Mifugo

Hakuna wa kukukasirikia, kwa kuwa hoja hiyo imeshajaribiwa. Katika China, Thailand, Laos na Vietnam kuna chui milia waliofungiwa zaidi ya 8,000, wengi wao China, yaani ni wengi kuliko wote walioko porini duniani. Bei haikuanguka na ujangili haukukoma. Kumlisha chui milia nyama mpaka akue ni gharama kubwa. Risasi au waya ni rahisi zaidi. Pia wapo wateja wanaoamini kwamba mfupa wa mnyama wa porini una nguvu zaidi, hivyo wa kufugwa anakuwa kama bango la kumtangaza wa porini. Zaidi ya hayo, mfupa ukishakuwa chupani, hakuna ofisa wa forodha anayeweza kuonja akajua umetoka bandani au msituni. Ndiyo sababu mwaka 2007 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kwamba chui milia wasizalishwe kwa ajili ya biashara ya viungo vyao.

Mwaka 2016 maofisa wa Thailand waliingia katika hekalu moja la Kanchanaburi, ambalo watalii walilipenda kwa kupiga picha na chui milia waliolala, wakaondoa wanyama 137 walio hai na kukuta ndani ya friza maiti 40 za watoto wao. Oktoba 2018 serikali ya China ilitangaza kuruhusu tena matumizi ya tiba ya mifupa ya waliofugwa, na mwezi uliofuata ikasimamisha utekelezaji baada ya kelele za dunia.

Na jambo hili linatugusa sisi wa Afrika. Mifupa ya chui milia ilipokuwa adimu, wafanyabiashara walianza kuchukua ya simba. Afrika Kusini iliruhusu mifupa ya simba wa kufugwa 800 isafirishwe mwaka 2017, mpaka mahakama yake mwaka 2019 ikaamua kwamba viwango hivyo viliwekwa kinyume cha sheria. Ikishafika Asia, mifupa hiyo huweza kuuzwa kwa jina la chui milia.

#19 Mtoto wa Kariakoo

Kumbe! Bi Mwanahamisi, walioandika simbamarara walikuwa wameona mbali. Simba akiingia chupani anatoka na marara.

#20 Bi Mwanahamisi

Nimecheka, halafu nimejilaumu kwa kucheka.

#21 Askari Mstaafu

Nirudi kidogo. Sariska ilimalizwa kwa mitego ya chuma yenye meno, inayofukiwa kwenye njia za kwendea maji. Mnyama akinaswa mguu huuawa kwa rungu na mkuki, ili ngozi isitobolewe na risasi. Hiyo ni kazi ya wenye ujuzi, wanaomkusudia mnyama huyo. Asia ya kusini mashariki adui ni mwingine, naye hana ujuzi wowote: ni kitanzi cha waya. Shirika la WWF lilikadiria mwaka 2020 kwamba katika hifadhi za Kambodia, Laos na Vietnam zimetegwa vitanzi vipatavyo milioni 12. Anayevitega anatafuta nguruwe na paa wa kitoweo cha hotelini. Kambodia ilimpiga picha chui milia wake wa mwisho mwaka 2007, Laos mwaka 2013.

Waya ninaujua. Kwetu hutolewa kwenye breki za pikipiki na matairi yaliyochomwa. Nilipata kumwona simba jike akitembea na kitanzi shingoni, nyama imeshafunika waya na nywele zimeota juu yake, akiwa bado ananyonyesha. Aliyekitega hakuwa na habari naye, alitaka swala. Kwa hiyo mkiniuliza nani aliwamaliza chui milia wa Laos, nitawaambia kwamba hakuna aliyekusudia.

#22 Kipimo

Mjadala usiwe wa matanga tupu. Nepal ilihesabu chui milia 121 mwaka 2009 na 355 mwaka 2022. India imetoka 1,411 hadi 3,682 katika hesabu ya 2022, ingawa hiyo ni wastani na kiwango cha chini ni 3,167, na maeneo yaliyokaguliwa nayo yameongezeka, kwa hiyo msizilinganishe namba hizo kama mizani ya dukani. Hifadhi ya Panna, jimboni Madhya Pradesh, nayo ilipoteza chui milia wake wote kufikia 2009, miaka minne tu baada ya kila mtu kuapa kwamba Sariska haitarudiwa. Wakaletwa wengine kutoka hifadhi za Bandhavgarh na Kanha, na leo wamezaliana kupita 50. Sariska yenyewe ilianza kuletewa wanyama kutoka hifadhi ya Ranthambore mwaka 2008, wakisafirishwa kwa helikopta, na sasa wako zaidi ya 40.

Sasa nieleze hivi: wateja wa mifupa hawajaisha, barabara hazijapungua, umaskini upo, lakini wanyama wameongezeka. Hilo linanisukuma kuamini kwamba doria na hesabu ya kweli ndizo zilizokosekana.

#23 Daktari wa Mifugo

Au zile chuba zilizochomwa 2006 ziliondoa nusu ya soko, na doria ikapata sifa ya kazi isiyo yake.

#24 Mama Shoroba

Au vijiji vilivyohamishwa kutoka Panna na Sariska viliwaachia nyasi swala. Mimi sioni namba inayoweza kututenganisha, Kipimo.

#25 Mjukuu wa Nyeri

Nashukuru kwa masahihisho ya #10, nimeyapokea. Nina swali moja. Dume wa kwanza aliyeletwa Sariska, yule wanayemwita ST-1, alikutwa amekufa Novemba 2010, na uchunguzi ulionyesha kwamba alikula sumu. Huyo tumweke katika orodha ya nani? Ngozi yake haikuchukuliwa.

#26 Karani wa Zamani

Mweke kwenye orodha ya yule mzee wa chai, aliyeitwa mjini mara nne. Simaanishi yeye binafsi.

#27 Kalamu ya Pangani

Nimefungua sanduku la vitabu vyangu vya chuo. Tiketi ya basi ya siku ile bado ninayo, na nyuma yake niliuchora ule unyayo, vidole vinne na kisigino, pamoja na vipimo. Kipimo, nikikutumia picha, unaweza kuniambia kama alikuwa chui milia?

#28 Kipimo

Itume. Lakini niambie kwanza: uliuchora ukiwa unautazama?

#29 Kalamu ya Pangani

Niliuchora kwenye basi, tukiwa tunarudi.